Wote Wataahidi Amani: Jinsi ya Kulinganisha Wagombea Urais Ukiwa Beni au Butembo

Swali linakuja kwa sauti za WhatsApp, linakuja nje ya kanisa baada ya misa, linakuja kutoka kwa motari anayesubiri abiria: "Hawa wagombea wote wanasema amani, barabara na kazi. Sasa nitawatofautishaje?" Wanaouliza ni walimu wa Butembo, wauza kakao wa Beni, na vijana waliomchagua rais kwa mara ya kwanza Desemba 2023, maana mwaka 2018 mlango ulifungwa mbele yao.

Jibu langu ni moja. Acha kulinganisha wanachokitaka, linganisha njia watakayopitia. Hakuna mgombea atakayepanda jukwaani Beni aseme hataki amani. Tofauti inaonekana unapouliza amani hiyo italetwa na nani, kwa mamlaka gani, kwa pesa gani na kuanzia lini. Mnunuzi wa kakao akikuambia atakupa "bei nzuri" bado hajasema kitu, mpaka ataje franka ngapi kwa kilo na mzani ni wa nani. Mgombea naye umpime hivyo.

Makala hii ni ya vitendo. Chukua daftari na kalamu.

Anza na mambo yako matatu

Kabla hujasikiliza mgombea yeyote, andika mambo matatu yanayogusa maisha yako. Matatu tu. Mwenye mambo kumi na mawili huishia kumchagua aliyeongea vizuri, kwa sababu hakuna anayeweza kukumbuka majibu kumi na mawili ya watu ishirini na sita. Ndiyo, 2023 orodha ya tume ya uchaguzi, CENI, ilikuwa na wagombea 26.

Usiandike "usalama". Andika kama unavyousema nyumbani:

- Nataka kurudi shambani kwangu upande wa Mbau bila kuogopa.
- Nataka lori litoke Kasindi lifike Butembo bila kulipa kwenye kila kizuizi.
- Nataka mwalimu wa mtoto wangu alipwe na serikali, nisiitwe mimi kuchangia.

Ukishaandika hivi, umejilinda na hotuba. Mgombea akizungumza saa nzima juu ya ukuu wa Kongo bila kugusa hata moja kati ya matatu, utajua kwamba hajakujibu, hata kama umepiga makofi.

Jua kazi ya rais, usimdai ya mwingine

Hapa watu wengi wanateleza. Wanamlinganisha mgombea urais kwa ahadi ambazo si zake kuzitimiza, halafu miaka mitano baadaye wanashangaa. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 imegawa kazi, na inatosha kukumbuka machache:

- Jeshi. Rais ndiye amiri jeshi mkuu. Makamanda wakuu anawateua yeye. Hapa mdai moja kwa moja.
- Utawala wa kijeshi (état de siège). Kifungu cha 85 kinampa rais haki ya kuutangaza baada ya kushauriana na waziri mkuu na maspika wa mabaraza mawili ya Bunge. Kifungu cha 144 kinasema unadumu siku 30, kisha Bunge ndilo linaloongeza siku 15 kila mara. Kwa hiyo wabunge wako nao wamo ndani ya hesabu.
- Kutangaza vita. Kifungu cha 86: lazima mabaraza yote mawili yaruhusu.
- Bajeti. Serikali inaiandaa, Bunge linaipitisha. Rais asiye na wabunge wengi ana mikono mifupi.
- Fedha za jimbo. Kifungu cha 175 kinasema asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa jimboni yabaki jimboni, yakatwe hapohapo. Haijawahi kutekelezwa hivyo. Majimbo yamekuwa yakingoja Kinshasa irudishe kiasi inachotaka, wakati inapotaka.
- Gavana. Kwa kawaida anachaguliwa na wabunge wa jimbo. Tangu Mei 2021 Kivu Kaskazini ina magavana wa kijeshi, na mameya wetu ni maofisa wa polisi. Kwa hiyo kwetu sisi rais ana mkono hata pale ambapo kwingine hana.

Mgombea akikuahidi mtaro wa maji katika mtaa wako wa Mususa au Bungulu, mshukuru, lakini usimpe alama. Hiyo ni kazi ya mji.

Karatasi moja, maswali matano

Chora safu kwenye ukurasa: majina ya wagombea kushuka chini, maswali matano kwenda kulia. Fanya ukurasa mmoja kwa kila jambo lako.

1. Atafanya nini hasa? Kitenzi kinachoonekana: kuondoa, kujenga, kulipa, kushtaki. "Kuimarisha" na "kushughulikia" haviingii kwenye karatasi.
2. Nani mwenye uwezo wa kufanya hivyo? Rais, Bunge, gavana, au nchi jirani?
3. Pesa zitatoka wapi? Bajeti ya mwaka 2024 ilipangwa kwa takriban dola bilioni 16 kwa nchi nzima, na kilichopangwa si lazima ndicho kinachoingia. Mtu akiahidi mabilioni, yagawe kwa hiyo 16 uone yanakula sehemu gani.
4. Hatua ya kwanza ni ipi, na lini?
5. Nitaionaje mimi nikiwa hapa?

Kama mgombea hajajibu, acha nafasi wazi. Usimjazie wewe. Mfuasi mwema ana tabia ya kusema "lakini alimaanisha...", na hapo ulinganisho unakufa. Nafasi wazi ni jibu.

Usalama: hapa kaa sana

Nitakaa hapa muda mrefu kuliko kwingine, kwa sababu ndipo wagombea wanapojificha kwa urahisi. Mauaji ya raia katika eneo la Beni yalianza Oktoba 2014. Tangu hapo kila anayeomba kura ameahidi kuyakomesha. Kwa hiyo ligawe neno "usalama" vipandevipande, na kila kipande kiwe na swali lake.

*État de siège: aendelee nayo, ailegeze, au aiondoe?* Rais Félix Tshisekedi aliitangaza mwanzoni mwa Mei 2021 kwa Kivu Kaskazini na Ituri. Agosti 2023 aliita meza ya mazungumzo Kinshasa kuijadili, na tarehe 12 Oktoba 2023 akatangaza kwamba italegezwa hatua kwa hatua. Anayetaka iendelee, muulize imeleta nini Mbau, Oicha na Eringeti ambacho utawala wa kiraia usingeleta. Anayetaka iondolewe, muulize siku inayofuata nani atashika wilaya, na raia waliofikishwa mbele ya mahakama za kijeshi watahamishiwa wapi. Wote wawili wana deni la jibu. Kusema tu "nitaiondoa" ni nusu ya jibu, ingawa ni nusu inayopendwa.

*Majeshi ya nje.* Tangu tarehe 30 Novemba 2021 jeshi la Uganda liko kwetu pamoja na jeshi letu, FARDC, katika operesheni Shujaa. MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa, ipo bado Kivu Kaskazini. Jeshi la Jumuiya ya Afrika Mashariki lilikuja mwishoni mwa 2022 likaondoka Desemba 2023, kisha likaja la SADC. Katika kampeni ya 2023 mgombea Denis Mukwege alisimama wazi dhidi ya kutegemea majeshi ya kigeni, wakati rais aliyekuwa madarakani alikuwa akibadilisha jeshi moja kwa jingine na huku akidai MONUSCO iharakishe kuondoka. Hizo ni njia mbili tofauti kabisa, na mpiga kura aliyezilinganisha alikuwa na kitu mkononi. Kwa uchaguzi ujao uliza:

- Jeshi la Uganda libaki au liondoke, na kwa makubaliano yapi yanayoonekana na Bunge?
- Likiondoka, ni vikosi gani vya FARDC vitakaa kwenye barabara ya Kasindi?
- Raia akidhulumiwa na askari wa kigeni, anashtaki wapi?

*Vikundi vya silaha na Wazalendo.* Mpango wa kuwapokonya silaha na kuwarudisha wapiganaji katika maisha ya kiraia, ule wa P-DDRCS, uliundwa Julai 2021. Baadaye, 2023, ikaja sheria ya jeshi la akiba, iliyowafungulia mlango Wazalendo, vijana wanaobeba silaha upande wa serikali. Njia moja inatoa silaha mikononi mwa vijana, nyingine inawatambua wakiwa nazo. Mgombea anayesifu zote mbili kwa pumzi moja amekuacha gizani. Muulize kijana wa Lubero mwenye bunduki leo atakuwa wapi baada ya mwaka mmoja: jeshini kwa namba na mshahara, shambani, au kizuizini barabarani?

*M23, Rwanda na mazungumzo.* Huu ni mfano mzuri wa kwa nini tunaandika tarehe. Siku ya mwisho ya kampeni, 18 Desemba 2023, Tshisekedi alisema Kinshasa kwamba Rwanda ikichokoza hata kidogo angeita mabaraza mawili yampe ruhusa ya kutangaza vita. Serikali yake pia ilikataa kwa muda mrefu kukaa meza moja na waasi wa M23. Januari 2025 Goma ikaanguka mikononi mwao, utawala wa jimbo ukahamia Beni. Mwaka huohuo yakaja mazungumzo ya Doha na M23, na mkataba na Rwanda ukatiwa saini Washington tarehe 27 Juni. Unaweza kusema alibadilika kwa busara, unaweza kusema alishindwa alichoahidi. Hilo ni lako. Nisemacho ni kwamba bila kuandika neno la siku ile, hungeweza kusema lolote kati ya hayo mawili kwa uhakika.

*Haki.* Mukwege alijenga siasa yake juu ya ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010, ile iliyoorodhesha maovu ya 1993 hadi 2003, na juu ya mahakama maalumu. Wengi wa wenzake walipita jambo hili harakaharaka. Kama umepoteza watu, kipande hiki usikiache wazi kwa sababu tu jukwaa halikupenda kukizungumza.

Barabara, ushuru na shule

Hapa ni rahisi zaidi, kwa sababu macho yako ni shahidi.

Barabara za Kasindi–Beni, kilomita 80, na Beni–Butembo, kilomita 54, ziko ndani ya mradi uliozinduliwa mpakani Juni 2021 na marais Museveni na Tshisekedi, na kampuni ya Dott Services ya Uganda ndiyo iliyopewa kazi. Mgombea akiahidi "kujenga" barabara hiyo, muulize kama anazungumzia mkataba uleule, mkataba mpya, au anaupigia makofi mradi wa mwenzake. Panda pikipiki ukaangalie mwenyewe lami imefika wapi. Hakuna hotuba inayoshinda hilo.

Kuhusu ushuru, wafanyabiashara wa Butembo hawahitaji kufundishwa na mimi. Ninachoomba ni kwamba msikubali "nitapunguza kodi". Ipi? Inayodaiwa na idara gani? Kwa sheria ya Bunge au kwa agizo la waziri? Na kama atapunguza ya mpakani, asilimia 40 ya kifungu cha 175 itabaki asilimia 40 ya nini?

Shule: elimu ya msingi bila malipo imo ndani ya Katiba, kifungu cha 43, na ilianza kutekelezwa Septemba 2019. Kwa hiyo mgombea anayeahidi "elimu bure" anaahidi sheria iliyopo. Swali la kweli ni madarasa yaliyojaa na walimu ambao bado hawako kwenye orodha ya malipo. Uliza watalipwa wangapi, na kuanzia robo gani ya mwaka.

Halafu kuna mtego mdogo. Mpango wa maendeleo ya wilaya 145, ule ulioanza 2022 wa kujenga shule, vituo vya afya na majengo ya utawala, unahesabu wilaya. Mji wa Butembo si wilaya, wala mji wa Beni. Wilaya za Beni na Lubero zimo. Mtu wa mjini akisikia mgombea anajivunia mpango huo au anaahidi kuuendeleza, ajue anasikia habari za shambani, na hiyo si mbaya, mradi asijihesabie.

Na Katiba yenyewe

Jambo hili liliingia mezani Oktoba 2024, Tshisekedi aliposema akiwa Kisangani kwamba ataunda tume ya kuandaa Katiba nyingine. Kifungu cha 70 kinampa rais miaka mitano, kurudia mara moja. Kifungu cha 220 kinakataza kugusa idadi na urefu wa vipindi hivyo. Kila mgombea au chama kitakachokuja kwenu, anayetaka kubadilisha na asiyetaka, aulizwe namba za vifungu. "Katiba hii iliandikwa na wageni" haitaji kifungu, na "msiguse Katiba" pia haitaji. Anayependa serikali ya majimbo, au anayetaka duru ya pili irudi (iliondolewa na marekebisho ya Januari 2011, ndiyo maana leo mtu anaweza kushinda kwa kura chache kuliko nusu), naye ataje.

Maneno yao utayapata wapi

- Redio kwanza. Radio Okapi inafika kote. Radio Moto na redio nyingine za kwetu hurudia mikutano ya hadhara. Sikiliza hotuba nzima kabla ya kusikiliza anayeieleza.
- Programu iliyoandikwa. Mara nyingi iko kwa Kifaransa na ni ndefu. Usiisome yote. Tafuta majina yenu: Beni, Butembo, Lubero, Kasindi, Kivu Kaskazini. Ukikuta hayapo popote, umeshajifunza jambo.
- Rekodi ya nyuma. Mwaka 2023 Moïse Katumbi alikuja na miaka yake ya ugavana wa Katanga, 2007 hadi 2015. Martin Fayulu alikuja na miaka ya kazi katika kampuni ya mafuta na madai yake ya ushindi wa 2018. Rekodi ni kipimo kizuri, lakini uliza mazingira yake: gavana wa jimbo lenye shaba hakuwa na waasi wa ADF msituni.
- Kura za wabunge wa chama chake. Hiki wengi wanakisahau. Ensemble pour la République ya Katumbi ilikuwa ndani ya Union sacrée, muungano wa Tshisekedi, mpaka Desemba 2022. Kwa hiyo kwa zaidi ya mwaka mmoja wa état de siège, chama hicho kilikuwa upande wa serikali, kikiwa na mawaziri. Ni haki kuuliza wabunge wake walipigaje kura kila siku 15 zilipoongezwa. Waulize hivyo hivyo wabunge wa vyama vyote.

Usitegemee mjadala wa ana kwa ana kwenye televisheni. Vigogo wetu hawana mazoea nao.

Makosa yanayorudiwa

*Kumchagua aliyetusalimu kwa Kinande "Wavukire".* Inafurahisha, ni heshima, na inachukua sekunde mbili kujifunza.

*Kufuata mtu wetu popote aendapo.* Mbusa Nyamwisi, mtoto wa nyumbani, alikuwa mmoja wa viongozi wa Lamuka, muungano wa upinzani, waliomsimamisha Fayulu mwaka 2018. Machi 2023 aliingia serikalini kama waziri chini ya Tshisekedi. Simlaumu, siasa ndivyo ilivyo. Lakini aliyeweka kura yake mfukoni mwa mtu mmoja badala ya kuangalia sera, alijikuta amehamia kambi nyingine bila kufunga mizigo.

*Kusahau miungano.* Tarehe 11 Novemba 2018 viongozi wa upinzani walimteua Fayulu huko Geneva. Siku iliyofuata Tshisekedi na Kamerhe, waliokuwa miongoni mwao, wakajitoa, na tarehe 23 wakafunga ndoa yao Nairobi. Mwaka 2023 wagombea Matata Ponyo na Seth Kikuni walimwachia Katumbi. Mgombea wako akijiunga na mwingine, chukua kalamu upya: ni ahadi ipi ya aliyejitoa imeandikwa katika programu ya aliyebaki? Kama hakuna, kilichounganishwa ni viti tu.

*Kuamini sauti iliyokatwa.* Sekunde thelathini za mgombea "akitutukana" zikikufikia kwenye simu, omba hotuba nzima, tarehe na mahali. Mtumaji akikosa vyote vitatu, usiisambaze.

*Kuhesabu fulana na vitenge.* Chukua, vaa, lima navyo. Karatasi haina safu ya vitenge.

"Lakini..."

*"Lakini kura yetu haihesabiwi."* Hili silipuuzi, maana limetokea. Tarehe 26 Desemba 2018, siku nne kabla ya uchaguzi, CENI ilitangaza kwamba Beni, Butembo na Yumbi zitapiga kura Machi 2019, kwa sababu ya Ebola na ukosefu wa usalama. Rais akaapishwa tarehe 24 Januari. Wapiga kura zaidi ya milioni 1 waliachwa nje. Waliporuhusiwa tarehe 31 Machi, walibaki wabunge tu wa kuchagua. Beni watu walipanga foleni siku ya uchaguzi na kupiga kura ya mfano kwa karatasi zao wenyewe, wakinawa mikono kwanza, kuonyesha kwamba inawezekana. Mwaka 2023 tulipiga kura, ila sehemu kubwa za Masisi na Rutshuru hazikupiga. Basi liingize jambo hilo kwenye karatasi: kila mgombea aseme atafanya nini wilaya ikitangazwa kuwa nje ya uchaguzi siku nne kabla. Atakubali matokeo? Atadai kusubiriwa? Ni sera kama sera nyingine, na kwetu labda ndiyo ya kwanza.

*"Lakini mshindi anajulikana tayari."* Mwaka 2023 matokeo yalimpa Tshisekedi zaidi ya asilimia 73, Katumbi 18, Fayulu 5. Wapinzani waliyakataa. Hata ukiamini hesabu ilipikwa, karatasi yako ina kazi: ndiyo utakayomwekea mbunge mezani atakapokuja likizoni.

*"Lakini sijui Kifaransa."* Wanaotafuta kura zako wanajua Kiswahili wanapozitaka. Swali la tano, "nitaionaje mimi nikiwa hapa?", halina Kifaransa ndani yake.

*"Lakini 2028 iko mbali."* Kampeni rasmi ni siku 30. Siku thelathini za muziki na magari hazitoshi kwa kazi hii. Anza na walioko bungeni sasa, ndio watakaokuwa wagombea.

Mkifanya kwa kikundi

Karatasi ya mtu mmoja ina upendeleo wake. Ya watu sita ni bora, hasa kama hawampendi mgombea mmoja. Kikundi chenu cha akiba (AVEC), jumuiya ya kanisa, chama cha motari au wanafunzi wa chuo kikuu cha UCG wanaopanga nyumba moja, wote wanaweza.

- Kila mtu apewe mgombea *asiyempenda* na ajaze safu yake kwa haki. Zoezi hili linaponya zaidi kuliko hotuba yoyote ya umoja.
- Mmoja awe wa tarehe tu: nani alisema nini, wapi, siku gani.
- Msipige kura ndani ya kikundi. Mkimaliza kulinganisha, kila mtu aende na yake moyoni.
- Tuko chini ya utawala wa kijeshi, na vita viko karibu. Kutaneni mchana, ndani, watu wachache. Msiandike majina yenu kwenye karatasi, msipige picha ya karatasi na kuituma. Simu ikikaguliwa kizuizini, daftari lenye majina ya wagombea na maswali kuhusu barabara halina shida. Orodha ya watu wenye maoni yao inaweza kuwa nayo.
- Mchungaji au padri akiwa katikati yenu, awe mshiriki kama wengine. Akianza kuhitimisha, mpeni kazi ya tarehe.

Wiki ya mwisho kabla ya kura, hamisheni jambo moja tu kutoka daftarini: namba ya mgombea wako kama CENI ilivyoichapisha. Mashine inaonyesha picha na namba nyingi, waliojitoa nao hubaki humo, na mtu aliyesimama mbele ya kioo huku foleni ikilalamika nyuma yake hana muda wa kukumbuka safu tano.